Namba ya Kwenye Boksi Hulipwa na Mwenye Gari

Nilikuwa kwenye duka la vifaa vya gereji Kariakoo, nasubiri nitafutiwe soketi ya 21. Mbele yangu kijana mmoja, grisi bado iko kwenye kucha, alikuwa anachagua mashine ya betri ya kufungulia nati. Swali lake lilikuwa moja tu: "Ipi hapa ina nguvu kuliko zote?" Muuzaji akashusha boksi lililoandikwa 128 kwa tarakimu kubwa kuliko jina la mtengenezaji. "Hii hapa, kaka. Hata nati za Fuso inang'oa." Kijana akahesabu hela, akabeba, akaondoka. Hakuuliza betri ina seli ngapi, wala hakuinyanyua kuona uzito. Muuzaji naye hakumuuliza anafanyia kazi magari gani.

Simlaumu kijana. Alifanya kile tunachofundishana mafundi wote, kuanzia Gerezani mpaka Kirinyaga Road kule Nairobi: ukinunua mashine ya nati, chukua yenye namba kubwa kuliko zote ambayo mfuko wako unaimudu. Nimeusikia ushauri huu tangu mashine za betri zianze kuingia kwenye gereji zetu, na niliufuata. Leo naupinga, na naupinga kwa sababu gharama yake haimwangukii fundi. Inamwangukia mwenye gari, mara nyingi akiwa mbali na gereji.

Niueleze kwanza kama wanavyoueleza wanaouamini, maana si watu wa kubeza. Baadhi yao ndio walionishikisha spana. Wanasema hivi. Magari yetu ni ya mtumba na yana kutu. Nati iliyokaa miaka 15 haifunguki kwa kubembelezwa. Pili, nguvu ikizidi unaipunguza, lakini ikikosekana huna pa kuiongezea. Tatu, mashine ni moja, inafungua na inafunga, na fundi anayefunga kwa mkono analaza magari gereji. Hoja zote tatu zina uzoefu nyuma yake. Nitazipitia, ila lazima nianze na namba yenyewe, kwa sababu juu yake ndiko zote zimejengwa.

Kwanza: namba hiyo inapima nini?

Betri ya lithiamu ya mashine hizi ina seli tano zilizounganishwa kwa mfululizo. Kila seli ni volti 3.6; mara tano unapata 18. Ikitoka kwenye chaja imejaa, kila seli inafika 4.2, na jumla inakuwa 21. Ndiyo maana mashine ya 18V, ya 20V Max na ya 21V zinaweza kuwa na betri ya aina moja kabisa. Tofauti ni kwamba mmoja ameandika volti za kazini, mwingine ameandika za dakika ya kwanza baada ya kuchaji.

Sasa hizi 48VF, 88VF na 128VF zilizojaa madukani? Ili upate volti 128 za kweli unahitaji seli zipatazo 35 kwenye mstari mmoja. Seli ya kawaida ya 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ina uzito wa gramu 45 hivi. Seli peke yake zingepita kilo moja na nusu, kabla hujaweka ganda wala waya. Betri unayokabidhiwa inakaa kiganjani kama kopo la maziwa.

Nilishafungua moja. Mteja aliniletea mashine yake ya "128" baada ya miezi michache tu. Ilikuwa inazunguka lakini haigongi. Nikatoa skrubu nne chini ya betri, nikabandua ganda. Ndani kulikuwa na seli tano, safu moja, zimeunganishwa kwa vibati vyembamba, na nusu ya juu ya ganda ilikuwa wazi. Nikazipima moja moja kwa mita. Nne zilikuwa na volti 3.8 kila moja. Ya tano ilikuwa na 2.1. Hakukuwa na nyaya za kufuatilia seli moja moja, kwa hiyo ile iliyochoka ilikuwa inaendelea kukamuliwa pamoja na wenzake bila kitu cha kusimamisha mashine, na seli ya namna hiyo ukiilazimisha kwenye chaja ndiyo inayoweza kushika moto. Nje ya ganda palikuwa pameandikwa mAh 15,000. Seli nzuri ya 18650 kwa kawaida haifiki 4,000, na safu moja ya mfululizo haina uwezo unaozidi ule wa seli moja.

Yule mteja ana gereji ya nje, chini ya mwembe, na familia inamtegemea. Alilipia volti ambazo hazimo.

Namba ya pili ni torki, nguvu ya kuzungusha, inayopimwa kwa Nm. Hapa hata mashine halali inahitaji kusomwa kwa makini, kwa sababu ina torki mbili: ya kukaza na ya kufungulia. Makita DTW300 imeandikiwa Nm 330 za kukaza na 580 za kufungulia. Kubwa yake, DTW1002, ni 1,000 na 1,600. Mtengenezaji amezitaja zote mbili. Dukani utatajiwa moja, ile kubwa. Na hata hiyo imepatikana betri ikiwa imejaa. Weka ekstensheni ndefu kati ya mashine na soketi, na sehemu ya kila pigo inaishia kwenye kupinda kwa hiyo ekstensheni badala ya kufika kwenye nati. Fundi aliyenunua 1,000 kisha akaivalisha ekstensheni mbili nyembamba ili afikie bolti ya ndani hana tena 1,000.

Pili: nati ya gari dogo inataka kiasi gani?

Toyota nyingi ndogo tunazoendesha zimeandikiwa Nm 103 kwenye nati za tairi. Honda nyingi ni 108. Nati ya kumwagia oili kwa kawaida haizidi 40, na plagi ni chini ya hapo. Haya yamo kwenye kitabu cha gari, na ndiyo kazi inayochukua siku nzima ya gereji ya kawaida: tairi, breki, shokapu, oili. Mashine yenye Nm 330 za kukaza ina mara tatu ya kinachohitajika kwenye tairi. Ile ya 1,000 ina karibu mara kumi.

Wengi wanaamini kwamba kuzidisha ni kuongeza usalama. Imani hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu inatokana na nia njema. Stadi ya tairi, ile bolti iliyopigiliwa kwenye habu, inafanya kazi kama springi. Ukiikaza inarefuka kidogo sana, na kule kutaka kurudi ndiko kunakoibana rimu. Kwa stadi ya milimita 12 iliyokazwa kwa Nm 103, hesabu ya kawaida ya bolti inatoa mbano wa tani zaidi ya 4. Stadi tano, tani zaidi ya 20. Rimu haiendi popote. Ukikaribia mara mbili ya torki hiyo unasogea kwenye mpaka wa chuma chenyewe; ukipita, stadi inarefuka na hairudi. Ikisharefuka haibani tena kama mwanzo, hata ukiikaza kwa hasira. Stadi iliyokazwa kupita kiasi imedhoofika, na kwa macho huioni.

Halafu kuna diski ya breki iliyoko nyuma ya rimu. Nati moja ikibeba 300 na jirani yake 120, diski inabanwa upande. Mwenye gari anarudi baada ya wiki kadhaa akilalamika kwamba usukani unatetemeka akishika breki, na anauziwa diski mpya. Diski ya zamani haikuwa na kosa.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Mteja wangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa anakwenda Iringa. Nilimfanyia breki za mbele na nikafunga tairi mwenyewe kwa mashine kubwa niliyokuwa nimeinunua kwa fahari. Kila nati niliiacha igonge mpaka ilipoacha kusogea. Jioni hiyohiyo akapata pancha ndani ya Hifadhi ya Mikumi, pale barabara kuu inapokatiza kati ya wanyama. Akatoa spana ya kwenye buti. Akaivuta, haikusogea. Akaikanyaga kwa mguu mmoja, kisha akasimama juu yake kwa miguu yote miwili huku ameshikilia boneti.

Hesabu hii niliifanya baadaye na sikuweza kuiondoa kichwani. Spana ile ina urefu wa sentimita 30. Mtu wa kilo 60 akisimama kwenye ncha yake anatoa takriban Nm 176. Kama niliziacha nati kwenye 350, alihitaji kuwa na kilo 120. Hakuna namna ambayo angeweza kufungua tairi lile, hata angejaribu mpaka asubuhi. Dereva wa lori aliyesimama kumsaidia alivalisha bomba kwenye spana. Nati mbili zikafunguka, ya tatu ikakatika na stadi yake. Alimaliza safari kwa stadi nne, polepole, usiku.

Aliponisimulia hakunigombeza. Alisema, "Fundi, nati zako zilikaza sana." Basi.

Tatu: "Ikizidi utaipunguza"

Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo inayowafanya watu wanunue mashine kubwa. Ina kasoro mbili.

Ya kwanza ni ya mashine yenyewe. Ndani yake kuna nyundo inayozunguka na kuligonga fuawe lililobeba soketi, mara nyingi kwa kila sekunde. Ndiyo maana mkono wako hauzungushwi hata mashine inapotoa nguvu ambayo usingeweza kuizuia. Mkono haupokei nguvu, basi haupati pia habari. Kwa spana ndefu fundi mzoefu anahisi nati inapokaa. Kwa mashine anasikia kelele tu. Vile vitufe vya mwendo wa 1, 2 na 3 vinapunguza kasi na uzito wa pigo, lakini torki inayobaki kwenye nati inategemea pia umebonyeza sekunde ngapi, betri imejaa kiasi gani, na uzi wa stadi umekauka au una mafuta. Mashine kubwa kwenye mwendo wa 1, ukiishikilia sekunde chache, inaweza kuipita 103 bila kukuambia. Kwa hiyo "kupunguza" kunakozungumzwa ni kukisia.

Kasoro ya pili ni yetu. Hatupunguzi. Nimekaa gereji miaka mingi na ninaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja mafundi niliowaona wakibadili mwendo wa mashine kabla ya kufunga. Mteja anasubiri, boda ya vipuri imefika, mashine iko kwenye 3 kwa sababu ilikuwa inafungulia, na kidole kinabonyeza. Ushauri wa kununua kubwa unategemea uangalifu ambao siku ya kazi haitupi nafasi ya kuwa nao.

Kuhusu muda unaopotea kwa kufunga kwa mkono: nati tano za tairi moja kwa spana ya torki, ile inayolia "tak" ikifika kipimo, hazimalizi dakika. Gari zima ni dakika nne. Nimepima kwa saa.

Nne: kutu

Hapa ndipo wanaonipinga wanaposimama imara, na wana haki ya kujibiwa vizuri. Ni kweli magari yetu yana kutu. Mengine yameishi sehemu za Japani zenye theluji, kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Mengine yanaishi Mombasa, Tanga na Unguja, na hewa ya bahari haina likizo. Nati ya chini ya shokapu ya gari la pwani inaweza kukataa kabisa.

Lakini tazama kutu inafanya nini. Inagandisha nati, na wakati huohuo inakula bolti. Bolti ya stabilaiza linki ya milimita 10 iliyoliwa na kutu si ya milimita 10 tena. Ukiipelekea mapigo ya mashine ya Nm 1,600, kinachoachia kwanza ni chuma kilichobaki. Inakatika, na sasa una kazi ya kutoboa au kuchomea, kwenye gari la mtu aliyekuja kubadilisha kipande kidogo. Kwenye bolti ndogo zenye kutu, hoja ya kutu inapinga mashine kubwa.

Kinachofungua kutu ni subira na mapigo mengi ya wastani. Brashi ya waya kwenye uzi unaoonekana. Oili ya kupenya, usiku mzima kama gari linalala. Kaza kidogo kwanza, halafu fungua. Nenda mbele, rudi nyuma. Moto pale ambapo hakuna mpira wala bomba la mafuta karibu. Mashine ya 500 au 600 za kufungulia, ikipewa sekunde kumi kwenye nati ya aina hiyo, inaifungua mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Zipo kazi zinazoishinda, na sitazificha. Bolti ya puli ya krenki ya baadhi ya injini za Honda imeandikiwa Nm 245 kutoka kiwandani, na ikikaa miaka inakuwa ngumu kuliko hapo. Nati ya ekseli nayo husumbua. Kwa hizo nina fimbo ndefu ya kufungulia na bomba la mita moja: kilo 60 kwenye ncha ya mita moja ni karibu Nm 590, bila betri. Bolti ya namna hiyo naikuta mara chache kwa mwaka. Nati za tairi nazikuta kila asubuhi. Chombo cha kila siku ukichague kwa kazi ya kila siku.

Na malori? Nati za Scania zinakazwa kwa takriban Nm 600 na zinataka mashine ya inchi moja. Anayefanya malori anunue ya malori. Kumuuzia fundi wa Vitz na Probox kwa kumtajia Fuso ni kumuuzia kazi isiyo yake.

Tano: uzito, soketi, na betri ya pili

Sitakaa sana hapa. Mashine ndogo ya daraja la DTW300 ina urefu wa sentimita zipatazo 14. Ile kubwa ni kama 23. Chini ya gari, kati ya shokapu na tairi, sentimita tisa ndizo zinazoamua kama soketi inakaa sawa kwenye nati au inakaa upande na kuila kona. Kubwa na betri yake inazidi kilo tatu na nusu. Ishike juu ya kichwa ukiwa umelala chali saa nane mchana.

Soketi za kung'aa za spana ya kawaida zisitiwe kwenye mashine hizi. Chuma chake ni kigumu lakini hakivumilii mapigo. Kinapasuka, na vipande huruka usawa wa uso. Nunua nyeusi za mashine, 17, 19 na 21, na kwa rimu za aloi zile nyembamba zenye ganda la plastiki. Aliyemaliza hela kwenye namba kubwa ndiye anayevalisha soketi ya kung'aa, kwa sababu hana iliyobaki.

Betri nayo itakufa siku moja. Kabla hujalipia mashine, uliza kama betri yake inauzwa peke yake, na kwa bei gani. Betri ya seli kumi, safu mbili za tano, ya Ah 5, inabeba Wh 90. Ya seli tano ya Ah 2 inabeba 36, na seli zake zinakamuliwa mara mbili kwa kila pigo. Mashine ya wastani yenye betri ya seli kumi itafungua nati ambayo mashine ya maandishi makubwa yenye seli tano itaishia kuigongea kelele.

Ningekuwa mbele ya yule kijana wa Kariakoo ningemwambia hivi: mdogo wangu, chukua ya nusu inchi, yenye Nm 300 hadi 400 za kukaza, fupi, ya kampuni ambayo betri yake inapatikana, na uchukue betri ya seli kumi. Hela inayobaki kati ya hiyo na kubwa halali ya kampuni hiyohiyo, nunua spana ya torki. Mashine ifungue. Ikifunga, isogeze nati mpaka iguse rimu, iishie hapo, spana ya torki imalizie gari likiwa limeshashuka kwenye jeki.

Yule mwalimu alirudi mwezi wa tatu kubadilisha tairi mbili. Nilipomaliza nilimwomba atoe spana ya kwenye buti lake. Akaniangalia.

"Nifungue mimi, fundi?"

"Moja tu, mama. Yoyote."

Akachagua ile ya stadi mpya, iliyochukua nafasi ya ile iliyokatika. Akaweka spana, akakanyaga kwa mguu mmoja, ndala zake miguuni. Nati ikalia kidogo, ikaachia. Akashusha mguu, akaishika na kuizungusha kwa vidole mpaka ikatoka, akautazama uzi wake, akanirudishia. Nikaifunga kwa mkono, nikaweka spana ya torki kwenye 103, nikavuta mpaka ikalia tak. Tangu siku hiyo kila mteja anafungua nati moja kabla gari halijatoka getini.